Kifungo

Ukumbi wa sinema wa Gyumri unanuka sufu mbichi,
theluji inayeyuka kwenye makoti ya watu,
na mbele yetu kuna mtu aliyekula kitunguu saumu.
Hayo nayajua mwenyewe. Yaliyobaki
ananiandikia Mwalimu Arpenik kiganjani,
herufi moja juu ya nyingine, gizani, na kwangu ni giza lile lile.
Kidole chake kimepinda kwa baridi yabisi.
Herufi zake siku hizi zinachechemea;
nazisoma hivyo hivyo.

Filamu inatuhusu sisi.
*Wamenipa pua ndogo*, anaandika.
*Wewe wamekuvika gauni la buluu.*
Buluu alinieleza zamani, tukiwa juu ya paa:
ni kitu ambacho ukikinyooshea mkono
unarudi na mkono wako tu.

Sakafu inatetemeka. Ni fidla, anasema, fidla nyingi mno.
Jirani yangu wa kushoto analia:
bega lake linanigusa na kuondoka, linanigusa na kuondoka.
*Ana nini huyu?*
*Umejifunza neno. Limekuchukua dakika nne.*

Nacheka hadi kiti kinatikisika.
Miezi kumi na moja, Mwalimu!
Miezi kumi na moja kifungo cha koti lako katika mkono huu,
na katika huu kidole chako kikikwaruza, kikikwaruza,
nami nikidhani ni mdudu, ni adhabu,
ni kichaa chako unaniambukiza.
Nilikung'ata. Kovu liko hapa, chini ya saa yako,
nalipapasa sasa hivi, mwezi mwandamo wa meno ya mtoto.
*Hili wamelionyesha?*
*Hapana. Mtoto wao hang'ati.*

Halafu asubuhi ile.
Jiko la kuni, viazi motoni, soksi zako zikikauka.
Neno likanijia, sijui kwa nini siku ile na si juzi yake,
nikakuandikia juu ya kovu, herufi kwa herufi: KIFUNGO.
Nikangoja.

Ukautoa mkono wako.
Mbao zikanipa hatua zako, mbili, tano,
kisha mlango, kisha baridi ya mlango,
kisha mbao zikanyamaza.
Viazi vikaungua. Nikakaa na moshi,
mimi na miaka yangu saba na neno langu moja,
nikajua kwamba maneno hufukuza watu.
Uliporudi sikukuandikia kitu siku tatu.
Ulidhani nimesahau.

Miaka thelathini na mitatu sijakuuliza.
*Hapo kwenye filamu umefanya nini?*
*Nimepiga magoti. Nimekukumbatia. Jua limeingia dirishani.*
*Na kweli yenyewe?*

Kiganja changu kinabaki kitupu.
Fidla zinapita chini ya nyayo zangu, zinakwisha.
Kisha polepole, kama zamani, kama kwa yule mtoto:
*Nilikimbilia uani. Nilianguka kwenye theluji.
Nililia nimejiziba mdomo kwa shali
ili usinisikie.*

Ili nisimsikie!
Mimi!
Sasa ni yeye anayetikisika, na kiti chake, na changu,
na jirani wa bega hajui tena alie au acheke.

Makofi yananifikia kupitia mbao za kiti.
Wanamtaka asimame mbele. Hasimami.
*Waambie goti linaniuma*, anaandika,
kana kwamba mimi ndiye mwenye sauti.

Nje upepo wa Shirak unakata masikio.
Nampapasa kifuani: koti limefungwa kombo,
upande mmoja umepanda, mwingine umeshuka.
Navifungua vyote sita, naanza upya kutoka chini,
naye ametulia kama mtoto wa shule.
*Wewe uliyenifunza neno hili*, namwandikia shavuni,
*mpaka leo unakosea tundu.*